Jina Unalokwenda Kulitaja Bungeni

Hibo mwanangu,

Nguo zako zimepigwa pasi, nyama ya nyirinyiri imo kwenye kopo la bluu, na dereva anajua atakuja saa ngapi. Hayo yamekwisha. Sitakuandikia juu ya kula vizuri wala kufunga mlango, maana Nairobi umeishi miaka ukisomea sheria, na mimi nikifika huko hupotea hata hapo stendi ya basi. Kura umezitafuta mwenyewe ukazipata. Keshokutwa utashika Kurani uapishwe kuwa mbunge. Nimekaa uani juu ya mkeka na nimechukua kalamu kwa sababu ya lile ulilolisema leo mchana tulipokuwa tukila.

Abti yako Bashir, ndugu yangu, alikuuliza kwa mzaha utaanza na nini siku ya kwanza kusimama bungeni. Ukaweka kijiko chini, ukasema, "Nitaanza na jina lake. Nitalitaja, nitasema alichokifanya, na hakuna korti itakayonigusa." Watu wakacheka kwa furaha, wengine wakapiga makofi. Mimi niliinuka nikaenda jikoni. Ulinifuata ukaniuliza kama nimekasirika. Sikukasirika, mwanangu. Nilikuwa nimeisikia tena redio ya chumba cha walimu.

Habari ya baba yako unaijua, lakini unaijua kama ulivyosimuliwa na watu waliokuonea huruma. Ulikuwa kidato cha kwanza, bweni, na ulipofika nyumbani alikuwa ameshazikwa. Mimi nilikuwepo. Nilikufundisha kusoma kwa Kiswahili, kwa hiyo nakuandikia kwa Kiswahili. Yule uliyekusudia kumtaja nitamwita Mheshimiwa, kama tulivyomwita sote wakati ule.

Wiki ile mtu alirusha guruneti ndani ya mkahawa karibu na soko, jioni, wakati walimu na mafundi wa bara, wale wasio Wasomali, wanapokula. Mwalimu mwenzangu wa hisabati alikuwa mmoja wao. Tuliitwa hospitali kumtambua, na nilimtambua kwa mkono, maana uso haukuwepo. Chaki ilikuwa bado imeganda kwenye kucha zake. Nakuambia hivi ili ujue mji ulikuwa katika hali gani. Watu wa bara walikuwa wakifunga maduka na kuondoka, na sisi wenyeji tulikuwa tukitazamana tukijiuliza ni mtoto wa nani. Kila mtu alikuwa anatafuta wa kumshika.

Baba yako alikuwa na lori moja. Alipeleka unga na sukari Wajir na Kutulo, akirudi na mbuzi. Mwaka ule alikuwa ametangaza kwamba atagombea kiti cha Mheshimiwa, na watu walianza kumsikiliza. Hilo ndilo kosa lake lote.

Jumatano alasiri tulikuwa chumba cha walimu, redio inatangaza moja kwa moja kutoka bungeni, kwa sababu walikuwa wakijadili shambulio lile. Mheshimiwa akapewa nafasi. Nilimsikia akisema, kwa sauti ya utulivu kabisa, "Bwana Spika, silaha zile zilitoka mpakani ndani ya lori la Idris, mfanyabiashara wa mtaa wa Waberi. Yadi yake inajulikana. Garissa nzima inaijua." Mbunge mmoja aliinuka kwa hoja ya nidhamu, akataka athibitishe. Spika akamwambia alete ushahidi. Mheshimiwa akajibu kwamba ataleta wiki ijayo. Wakaendelea na mambo mengine.

Mwalimu mkuu alizima redio. Hakuna aliyenitazama. Mwalimu mmoja wa kike kutoka Kitui, ambaye tulikuwa tukigawana chakula kila siku, alichukua kikombe chake akaenda kunywa chai nje. Sikumlaumu, na sasa hivi simlaumu. Alikuwa amezika mtu Jumatatu.

Baba yako alikuwa amesikia pia. Nilimkuta nyumbani akipakia nguo kwenye mfuko. Alisema anakwenda kwa ndugu zake Kutulo mpaka mambo yatulie. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia, "Ukikimbia utakuwa umekubali. Nenda polisi mwenyewe, wakuulize, urudi nyumbani." Nilikuwa mwalimu, nilizoea kwamba mtoto asiye na kosa anakaa mbele ya darasa bila hofu. Akanisikiliza. Alikwenda kituoni asubuhi, wakamuuliza maswali, wakalipekua lori, hawakukuta kitu. Ofisa mmoja akamwambia, "Sisi hatuna kesi na wewe, mzee. Rudi nyumbani." Akarudi akiwa amefurahi. Alinunua tikiti maji njiani.

Ijumaa baada ya swala jirani alikuja mbio akanigongea lango. "Mwalimu, watu iko mingi kwa yadi. Wanachoma lori." Nilitoka bila viatu. Kutoka hapa mpaka yadini unapajua, ni mtaa mmoja na nusu. Moshi wa matairi ulikuwa umeshapanda juu ya paa.

Sijawahi kukusimulia nilichokiona, na mtu mwingine asikusimulie kabla yangu. Walikuwa wamemtoa chini ya meza ya ofisi. Walimburuta kwa miguu, na shati lilikuwa limepanda mpaka kichwani, kwa hiyo alikuwa hawaoni. Wengine walikuwa vijana wa Mheshimiwa, niliwafahamu, walikuwa wakibandika picha zake wakati wa kampeni. Lakini wengi wao walikuwa watu tu. Kulikuwa na kinyozi. Kulikuwa na mwanamume aliyeniuzia maziwa kila asubuhi. Mmoja alikuwa analia, anasema ndugu yake alikuwa kwenye ule mkahawa, na huku analia anapiga kwa tofali. Baba yako alikuwa akisema, "Niulizeni. Niulizeni kwanza." Alisema hivyo mara nyingi. Hakuna aliyeuliza. Aliyekuwa ameuliza ni Spika, na alikuwa amepewa jibu la wiki ijayo.

Nilijipenyeza nikamlalia kumkinga. Nilipigwa mgongoni, nikavutwa nywele na baibui, nikatupwa pembeni. Nilipoinuka walikuwa wamemwangushia jiwe la kusagia lililokuwa likizuia mlango wa yadi. Nilisikia sauti ya mfupa. Sitaiandika inafanana na nini. Baada ya jiwe lile kelele zilikatika ghafla, wakaanza kuondoka, kwanza polepole, halafu wakikimbia. Muuza maziwa alisimama akinitazama kama mtu aliyeamshwa. Akasema, "Ilisemwa bungeni, mwalimu." Akaondoka naye.

Ndivyo alivyouawa baba yako. Wiki iliyofuata ushahidi haukuletwa. Bunge likaenda likizo.

Eda ilipokwisha nilikwenda kwa wakili, mtu mpole wa bara aliyekuwa na ofisi juu ya duka la dawa. Nilimwambia nataka kumshtaki Mheshimiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mama, alisema wapi maneno haya?"

"Bungeni. Kila mtu alisikia."

"Hapo ndipo shida. Katiba inampa mbunge uhuru wa kusema mle ndani. Anachokisema kwenye mjadala hakipelekwi korti yoyote."

"Hata kama ni uongo?"

"Hata kama ni uongo. Bunge lenyewe linaweza kumwadhibu. Jaji hawezi."

Nilimuuliza ni mtu gani aliyekaa akatunga sheria kama hiyo. Hakukasirika. Alisema iliwekwa ili mtu mmoja aweze kusimama akamwambia mwenye nguvu kwamba ameua, na jioni arudi nyumbani kwake bila kukamatwa. "Bila hiyo, mama, hakuna atakayesema lolote mle."

"Na yule aliyetajwa?"

Alivaa tena miwani. "Aliyetajwa hayumo mle ndani," akasema.

Nilipofika mlangoni aliniita. "Mama, kinga ile inaishia langoni. Akirudia maneno yale nje, sokoni, kwenye mkutano, hata msibani, hapo ni raia kama mimi na wewe. Tangu siku ile nimekuwa nikisikiliza hotuba zake. Hajayarudia hata mara moja. Nje anasema 'watu fulani' tu."

Nilirudi nyumbani na neno hilo, nikakaa nalo miezi. Uliniona, ulidhani ni huzuni. Nilikuwa nikisubiri.

Mheshimiwa alikuja kugawa matangi ya maji, na mkutano ulikuwa uwanjani, viti vya wageni chini ya turubai, wanawake upande mmoja, polisi na maofisa wa bara upande wa pili. Walipotoa nafasi kwa akina mama kushukuru, nilinyoosha mkono. Hawakunitambua kwa sababu nilikuwa nimejifunika. Nilipewa kipaza sauti, nikafunua uso.

Nilisema, "Mheshimiwa, mimi ni mke wa Idris wa lori. Bungeni ulisema mume wangu alileta silaha. Nimekuja kukuomba jambo moja. Yale maneno yaseme hapa."

Yeye alitabasamu, akasema, "Mama, tunakupa pole. Mambo ya bunge yanabaki bungeni."

"Mume wangu hakubaki bungeni. Aliuawa huku. Kama ni kweli, yaseme huku, sote tunasikia."

Alitazama upande wa maofisa. Alimtazama pia wakili wangu, aliyekuwa amesimama nyuma ya wanawake akiwa ameshika simu juu akirekodi. Nilimwona akifungua mdomo na kuufunga. Mwanamke mmoja mzee, ambaye hata sasa simjui, akasema kwa Kisomali, kwa sauti ya kawaida, "Basi ni uongo." Halafu wa pili. Hawakupiga kelele. Walikuwa wanaambiana tu, mstari kwa mstari, na neno likatembea mpaka kwa wanaume.

Hapo ndipo jina la baba yako liliposafishwa Garissa. Halikusafishwa na jaji. Yule mtu alishindwa kuyasema maneno yake mwenyewe mahali ambapo angeweza kushtakiwa, na kila mtu akaona.

Nililipia siku hiyo hiyo. Walinzi wake walinikuta nyuma ya lori la matangi nikielekea barabarani. Wa kwanza alinipiga rungu magotini, nikaanguka. Wa pili alinikanyaga shingo. Yule aliyenivunja taya nilimtambua kabla hajashusha mkono, naye alinitambua, maana nilimfundisha kusoma darasa la pili. Aliniita "mwalimu" kwa sauti ndogo. Halafu akapiga. Nilimeza meno yangu mwenyewe, Hibo. Nililala pale nikila damu na mchanga mpaka wanawake walipokuja kuniokota, na ndiyo maana mpaka leo kuna herufi nisizoweza kuzitamka sawasawa, na ninyi watoto mlizoea mkaona ndivyo ninavyoongea.

Adeer yako Nuh, mdogo wa baba yako, alikuja hospitali kutoka machungani na bunduki imefungwa kwenye gunia. Aliketi kando ya kitanda. "Nani alikupiga?"

Taya lilikuwa limefungwa waya. Nilitikisa kichwa.

"Unamjua. Naona unamjua. Niandikie."

Nilikataa. Polisi nao walikuja na karatasi, nikawatikisia kichwa vilevile. Nilimwona yule kijana alivyokuwa mtoto, akifuata mstari kwa kidole, na nikajiambia nikilitaja jina lake nitakuwa nimefanya kile kile alichokifanya Mheshimiwa. Niliona ni wema. Nilijivunia hata.

Nuh aliondoka akaenda kuuliza sokoni. Sokoni kila mtu ana jina la kukupa. Walimpa la Hussein, mlinzi mwingine wa Mheshimiwa, kijana aliyekuwa ameoa karibuni. Siku ya mkutano Hussein hakuwa hata Garissa, alikuwa Wajir amempeleka mama yake hospitali. Nuh alimsubiri nje ya kibanda cha miraa, akampiga risasi tumboni. Alichukua muda mrefu kufa. Alikuwa akiwaomba watu waende Wajir waulize, wataambiwa alikuwa huko. Mkewe alifika akajaribu kumrudishia matumbo kwa mikono yake. Nuh alikamatwa baada ya wiki mbili porini na akafia gerezani, hilo unalijua. Wazee wa koo mbili walikaa wakamaliza mambo kama wanavyoyamaliza. Lakini mke wa Hussein nilikutana naye sokoni akiwa na mimba kubwa, akaniuliza swali moja tu: "Wewe ulijua si yeye?" Nikamwambia ndiyo, nilijua.

"Basi kwa nini hukusema?"

Nilikuwa nimefikiri kutaja na kunyamaza ni vitu viwili tu, na kwamba kimoja kinaua na kingine hakiui. Kama ningeliandika lile jina kwenye karatasi ya polisi, yule kijana angeletwa mahakamani, angejibu, angekana, angetetewa. Hussein angekuwa hai. Jina nililolificha lilikwenda sokoni likageuka jina la mtu mwingine.

Sasa nikuambie upande wa pili, kwa sababu usije ukadhani mama yako anaichukia kinga uliyopewa. Kama isingekuwepo, kaka yako Liban angekuwa amekufa.

Unakumbuka msako uliofuata shambulio lile jingine la baadaye, ulipokuwa unajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Sikukuambia hadi ulipomaliza karatasi ya mwisho. Walikuja alfajiri, wanaume wasio na sare, wakaruka ukuta. Walimpiga Liban kwa kitako cha bunduki hapa hapa uani nilipokaa sasa, wakamfunga macho kwa kilemba cha baba yenu, wakamtupa kwenye gari lisilo na namba. Vijana wengine wa mtaa walichukuliwa hivyo hivyo. Kila kituo cha polisi tulichokwenda walituambia hawana mtu wa jina hilo. Tulizunguka mimi na akina mama wenzangu. Tulikwenda hospitali, tulikwenda chumba cha maiti, tukafunuliwa shuka moja baada ya nyingine. Tulitembea ukingoni mwa mto Tana, kila tukiona ndege wengi mahali pamoja tunakimbilia huko. Mara moja tulikuta mtu kweli. Mikono ilikuwa imefungwa nyuma, na kichwa hakikuwepo. Kila mmoja wetu alikwenda kumtazama miguu, na kila mmoja akarudi akiwa amefurahi kwamba si miguu ya mwanawe. Nilifurahia maiti ya mtoto wa mwanamke mwingine. Nimeomba toba, lakini furaha ile naikumbuka.

Mwandishi wa habari tuliyempigia alisema mhariri wake anaogopa. Wakili wetu alikwenda kuuliza kwenye kambi ya askari akarudi na mbavu zilizovunjika. Kulikuwa na mpishi wa kambi moja aliyetunong'oneza kwamba vijana wako pale, wanasikika, lakini hakuwa tayari kuliapia hilo mahali popote.

Tukampelekea habari mbunge mmoja mwanamke, wa kaunti ya mbali, ambaye hakuwa na kura hata moja huku. Sikuwahi kukutana naye kabla. Alituita Nairobi, akatuweka chumbani, akatuuliza kila mmoja peke yake kama vile sisi ndio washtakiwa. Ulimwona lini kijana wako? Alivaa nini? Nani mwingine aliona? Mpishi alisema nini hasa? Alimtuma mtu wake mpaka huku akazungumze na mpishi. Nilimkasirikia. Nilidhani yeye hatuamini. Kumbe alikuwa anafanya kile ambacho Mheshimiwa hakukifanya.

Halafu akasimama bungeni. Alitaja majina ya vijana wote, la Liban likiwemo. Akaitaja kambi. Akamtaja kwa jina ofisa aliyeisimamia, akasema kama ofisa huyo ana jibu, na alilete mbele ya kamati, naye atakaa amsikilize. Wabunge wengine walimzomea, mmoja akamwita msaliti. Hakukaa mpaka alipomaliza. Angeyasema yale nje ya lango, angeshtakiwa asubuhi, au angechukuliwa kama walivyochukuliwa watoto wetu.

Vijana walitupwa kando ya barabara nje ya mji kabla wiki haijaisha. Wote isipokuwa mmoja, ambaye mama yake bado anamwekea sahani. Liban hakuwa na kucha za mkono wa kulia, na sikio moja lilikuwa limepasuka ndani. Lakini alikuwa anapumua. Leo anachunga ngamia Kutulo na hapendi kukaa na mgongo wake kwenye mlango.

Kwa hiyo uhuru ule ule wa kusema ulimuua baba yako na ukanirudishia kaka yako. Nimeufikiria miaka yote hii. Wale wawili walisimama katika ukumbi ule ule, mbele ya Spika, wakataja watu ambao hawakuwemo. Yule mwanamke aliuliza kabla hajataja, na alimwachia aliyemtaja mlango wa kujibu. Mheshimiwa alitaja yadi.

Na wewe unaijua nyumba ya Mheshimiwa ilipo. Kila mtu anaijua. Yeye amezeeka, ameshindwa uchaguzi mara mbili, amerudi kukaa Wajir. Lakini mwanawe Yusuf yuko hapa Waberi, ana duka la misumari na mabati, mitaa miwili kutoka kwetu. Ulipopita barabarani wiki iliyopita watu wakikushangilia, baadhi ya vijana walisimama mbele ya duka lake wakapiga mabati kwa fimbo. Wewe ulikuwa juu ya gari ukiwapungia mkono. Sidhani uliwaona. Mimi niliwaona, na niliziona fimbo.

Sisemi alichokifanya Mheshimiwa kisahauliwe. Mimi ndiye niliyemlalia baba yako. Na ningependa, kabla sijafa, kulisikia jina la Idris likitajwa tena mle ndani, na mtu aseme lililosemwa siku ile lilikuwa uongo, maana bado limeandikwa katika kumbukumbu rasmi za bunge na hakuna anayeweza kulifuta. Wewe una haki ya kufanya hivyo kuliko mtu yeyote. Wewe ni wakili, unajua kesi inavyofunguliwa, unajua mashahidi wanavyotafutwa. Muuza maziwa yuko hai. Kinyozi yuko hai. Hakuna aliyewahi kuwauliza nani aliwatuma.

Leo alasiri, ulipokuwa kwa wazee, Yusuf alikuja. Alisimama langoni mpaka nilipomwambia aingie. Hakukaa.

"Eddo," akasema, yaani shangazi, kwa heshima, kama anavyoniita siku zote, "ni kweli dada atamtaja baba?"

Nilimwambia nimesikia hivyo.

"Sikuja kumtetea baba. Mimi nilikuwa mtoto. Nina watoto watatu wanaosoma shule uliyofundisha. Nataka kujua tu kama niwahamishe kabla ya hiyo siku."

Nilimuuliza atawapeleka wapi. Akasema hajui, labda Isiolo, kwa ndugu za mkewe. Akaniuliza mimi ninamshauri nini. Miaka mingi iliyopita nilimwambia mwanamume mmoja asikimbie, na aliponisikiliza alikufa. Nilimwambia Yusuf kwamba hilo siwezi kukusemea.

Pikapu yake iko nje ya mlango wake sasa hivi. Nimetoka baada ya isha nikaiona. Magodoro yako juu, na baiskeli ya mtoto imefungwa kwa kamba. Kupitia mlangoni nimewaona watoto wamelazwa na viatu miguuni. Gari lako alfajiri litapita pale, hakuna njia nyingine ya kufika darajani. Mwambie dereva asimame. Shuka, umgongee, na umwambie mwenyewe, ukimtazama, kama apakue au aondoke. Utakachoweza kumwambia Yusuf pale mlangoni, mbele ya wale watoto, nenda ukakiseme bungeni.

Allah akulinde uendako, na awalinde wote utakaowataja.

Mimi hooyo yako,
Halima
Waberi